Kulifufua Jiko la Udongo

Likizo iliyopita, nyumbani Bagara, nilimkuta mama akitaka kulitupa jiko lake la mkaa. Udongo wa ndani ulikuwa na nyufa, na mkaa uliisha upesi. Nikamwomba nilijaribu.

Majiko ya namna hii, bati nje na udongo ndani, yalianza kutengenezwa Kenya katika miaka ya 1980, kwa kufuata jiko la ndoo la Thailand. Bati ni vazi tu. Udongo ndio unaozuia joto lisipotee.

Kwanza niliziba nyufa kwa udongo mtupu, nikawasha siku ile ile. Ukapasuka tena! Sababu ni kwamba udongo husinyaa ukikauka, na maji yaliyomo yakichemka ghafula huubomoa.

Mara ya pili nilizikwangua nyufa, nikazilowesha, nikazijaza udongo wa mfinyanzi uliochekechwa, pamoja na mchanga laini na majivu. Nikaliacha jiko kivulini siku 7, kisha nikawasha moto mdogo, tena uani, kwa maana hewa ya mkaa huua katika nyumba iliyofungwa.

Sasa mama hulitumia kupikia maharage. Ndugu wasomaji, msiuharakishe moto: kukausha ndiyo nusu ya kazi.