Lugha Iliyotungwa na Mtu Mmoja, Ikatunzwa na Wengi

Lugha karibu zote tunazozijua tulizikuta. Hakuna ajuaye ni nani aliyesema Kikamba kwanza, wala Kiarabu. Lakini ziko lugha chache ambazo mtungaji wake ajulikana kwa jina, na mwaka wa kuzaliwa kwake umeandikwa kama wa mtoto katika daftari la serikali. Lugha za namna hiyo zimetungwa nyingi, na zilizo nyingi zilikufa pamoja na waliozitunga, au kabla yao. Moja, nayo ni Kiesperanto, imekwisha kupita miaka 130. Katika somo hili tutatazama kwa nini hiyo iliishi na ile iliyoitangulia ikadhoofika, maana sababu kubwa si ile ambayo wengi huidhani.

Iliyotangulia iliitwa Volapük. Aliitunga padre mmoja Mkatoliki wa Ujerumani, Johann Martin Schleyer, katika miaka ya 1879 na 1880. Ilienea kama moto katika majani makavu. Kabla ya miaka kumi kutimia vilikuwako vyama vyake zaidi ya 200, na katika mkutano wa Paris wa mwaka 1889 wajumbe walisemezana kwa lugha hiyo hiyo. Ila ilikuwa ngumu kujifunza, na wanafunzi wake wakataka ilegezwe. Padre akakataa. Alidai kwamba lugha ni yake, na neno la mwisho katika kila shauri liwe lake. Chama kikapasuka, huyu akatoka na lugha yake mpya na yule na yake, na baada ya miaka michache waliobaki na Volapük walikuwa wa kuhesabika.

Sasa tumwangalie mtu wa pili. Ludwik Zamenhof, Myahudi, alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambao leo ni wa Poland lakini siku zile ulikuwa chini ya Kaisari wa Urusi. Mjini humo waliishi Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani, kila watu na lugha yao, na kutopatana kwao alikuona tangu utoto. Akawa tabibu wa macho. Mwaka 1887, mjini Warsaw, alipiga chapa kitabu kidogo cha lugha aliyoitunga, kwa msaada wa fedha za baba wa mchumba wake. (Kwao mali ilitoka upande wa mke, kinyume cha mahari yetu.) Hakuweka jina lake, bali alijiita Doktoro Esperanto, yaani daktari mwenye kutumaini, na jina hilo likaishikilia lugha yenyewe.

Katika kitabu hicho alitangaza jambo ambalo padre hakuweza kulitamka: kwamba lugha hiyo ni mali ya watu wote, naye hadai haki yo yote juu yake. Alitia ndani pia vipande vya karatasi, ili msomaji aahidi kujifunza iwapo watu milioni kumi wataahidi vivyo hivyo. Zilirudi ahadi kama elfu moja tu! Zamenhof hakuwangoja waliosalia. Mwaka 1889 alitoa orodha ya majina na anwani za elfu hao wa kwanza, wapate kuandikiana barua. Kwa maoni yangu orodha hiyo ilifaa kuliko sarufi yenyewe.

Mwaka 1894 yeye mwenyewe aliwapa wasomaji wa gazeti lake shauri la kuigeuza lugha. Wakapiga kura, na walio wengi wakasema hapana. Akatii. Tena mwaka 1905, katika mji wa Boulogne-sur-Mer huko Ufaransa, watu 688 walikutana na kukubali kwamba iko misingi ambayo hakuna awezaye kuibadili, hata Zamenhof. Wengine walioipenda lugha nyepesi zaidi walijitenga mwaka 1907 na lugha iitwayo Ido, lakini wengi hawakuwafuata.

Hata hivyo lugha yafaa iwe na kitu cha kumvuta mwanafunzi. Tuchukue neno bovo, maana yake ng'ombe. Jike lake ni bovino, ndama ni bovido, kundi ni bovaro, zizi ni bovejo, na mtu wa kazi ya ng'ombe ni bovisto. Sisi twahitaji maneno mbalimbali kwa mambo hayo, na mtoto hana budi kuyashika moja moja. Mwanafunzi wa Kiesperanto hushika shina moja na viungo vyake, kisha hujitengenezea maneno asiyopata kuyasikia, na mwenziwe wa Japani humwelewa.

Watawala wengine hawakupenda raia waandikiane hivyo na wageni. Katika Ujerumani ya Hitler vyama vya Kiesperanto vilivunjwa mwaka 1936, na katika Urusi ya Stalin, miaka ya 1937 na 1938, wasemaji wengi walikamatwa, na baadhi yao wakauawa. Zamenhof alikuwa amekwisha kufa mwaka 1917, lakini wanawe watatu waliuawa na Wanazi kwa ajili ya Uyahudi wao: Adam alipigwa risasi mwaka 1940, na Zofia na Lidia waliuawa Treblinka mwaka 1942. Lidia alikuwa amesafiri nchi nyingi akiifundisha lugha ya baba yake. Wanafunzi wa watu kama yeye ndio walioanza tena vita vilipokwisha.

Tangu mwaka 1974 iko orodha nyingine, ya nyumba ambamo msemaji wa Kiesperanto aliye safarini hulazwa bila malipo. Wako pia watoto waliojifunza lugha hii kwa wazazi wao, kwa kuwa baba na mama walikutana kwayo. Na mnamo Agosti mwaka 2024 mkutano wao mkuu wa dunia, wa 109, ulifanyika Arusha, nao ndio wa kwanza katika Afrika.

Zoezi: kuiri maana yake kupika. Kwa kufuata mfano wa ng'ombe, tafuteni neno la mpishi na neno la jikoni. (Majibu: kuiristo, kuirejo.)