Maji ya Chumvi na Sukari: Kipimo Ndicho Dawa

Leo tuangalie jambo linalofanyika jikoni katika kila nyumba, Gungu hadi Ujiji: kuyeyusha vitu katika maji. Jambo hili dogo laweza kumwokoa mtoto anayeharisha, na likikosewa laweza kumzidishia ugonjwa.

Mchanganyiko na mmumunyo

Dagaa walioanikwa ufukweni Kibirizi huja nyumbani na mchanga. Huo ni mchanganyiko: dagaa unawaona, mchanga unauona, na ukiosha vinatengana. Lakini chumvi ukiikoroga katika maji huioni tena, wala kitambaa hakiichuji. Imeenea sawasawa katika maji yote. Huo ni mmumunyo. Hapo jicho halina ushahidi; kilichobaki ni kipimo.

Kiasi cha chumvi katika maji fulani huitwa ukolezi. Nusu kijiko katika lita moja kina ukolezi wake. Nusu kijiko hicho hicho ukikitia katika nusu lita, ukolezi unakuwa mara mbili. Ukiongeza maji unazimua: chumvi ni ile ile, ila ukolezi unashuka.

Kwa nini kipimo?

Anayeharisha hupoteza maji pamoja na chumvi. Sukari husaidia utumbo kuipokea chumvi, na maji huifuata. Ndiyo maana vyote viwili vinahitajika. Chumvi ikizidi, huyavuta maji kutoka katika chembe za mwili, na mtoto anaweza kupata degedege. Sukari ikizidi, kuharisha huongezeka. Basi kuongeza chumvi si kuongeza dawa.

Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, Dk. Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya kutundika mishipani akawanywesha wagonjwa wa kipindupindu mmumunyo uliopimwa. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Nasi tuliyaona maradhi hayo Mei 2015, yalipolipuka Kagunga miongoni mwa wakimbizi wa Burundi, wengine wakiletwa Kigoma kwa MV Liemba.

Namna ya kutengeneza

Pakiti ya ORS ni bora zaidi. Soma imeandikwa maji kiasi gani, kisha tia pakiti nzima katika maji hayo. Usichote unga kidogo kidogo. Ikikosekana:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chemsha maji, yaache yapoe, pima lita moja. Chupa mbili za nusu lita zinatosha.
3. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kilima.
4. Koroga mpaka viyeyuke vyote. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga, anza upya.
5. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, mara kwa mara. Anyonyaye aendelee kunyonya. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Usiyachemshe baada ya kuchanganya. Fikiria Uvinza, ambako kwa vizazi vingi maji ya chemchemi za chumvi yamechemshwa: maji huondoka kwa mvuke, chumvi hubaki. Sufuria yako itafanya vivyo hivyo, na ukolezi utapanda bila wewe kuongeza hata chembe.

Usingoje nyumbani

Mtoto akiwa na macho yaliyozama, akilegea, akishindwa kunywa, akiharisha damu, au choo kikiwa kama maji ya mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja, huku ukiendelea kumnywesha njiani kama anaweza kumeza. Muulize mhudumu pia kuhusu vidonge vya zinki. Na mtu mzima akiugua ndani ya Ramadhani asijiangamize kwa kuogopa kufungua: mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.