SOMO LETU: WENYE NCHI WAULIZWE

Ndugu wanachama, wengi wetu tukivuka kwenda Dar es Salaam hupita Feri kutazama samaki kabla ya kwenda Kariakoo. Pale kwa miaka mingi wakaanga samaki wamewasha kuni, na mji mzima umepikia makaa. Miti hiyo ilitoka wapi? Mingine ilitoka Pugu na Kazimzumbwi, misitu jirani na mji, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1954. Tangazo lilikuwepo, na matanuri ya makaa yakafuka humo humo. Sisi twaona sababu moja ni kuwa wenyeji walikatazwa tu; hawakuulizwa.

Sasa tutazame Shinyanga, mbali bara. Nchi ile ilikuwa na miti. Wakati wa Waingereza ilikatwa ili kufukuza mbung'o, kisha pamba ikataka mashamba, na katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijiji vipya waliyaacha malisho waliyokuwa wakiyatunza. Ikawa kama jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni mradi ulitegemea vitalu vikubwa vya miche. Kazi ilishika kasi pale wataalamu walipoketi na Wasukuma, wakaikubali dawa yao ya zamani: ngitili.

Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zianzapo. Ng'ombe hawaingii, majani hukua, na visiki vilivyo hai ardhini huchipua bila mtu kupanda hata mche mmoja. Kiangazi kikiwa kikali ndipo hufunguliwa. Ziko za jamaa na ziko za kijiji. Mvunja sheria hujibu mbele ya dagashida, baraza la wenyeji wenyewe, na hutozwa faini. Mwaka 1986 zilikuwa zimebaki kiasi cha hektari 600. Mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimepita hektari 300,000. (Si kwamba yote yalikuwa sawa. Mwenye ng'ombe wengi alipata eneo kubwa kuliko maskini.)

Mikarafuu si ng'ombe, twajua. Lakini mikarafuu yetu mingi ni mizee, na miche mipya mingi hufa ingali michanga. Bwana Shamba ajua nafasi ya mche na mche, na kwamba mche wataka kivuli. Mzee wa mtaa ajua bonde ambalo maji husimama masika, mahali ambapo mkarafuu hauwezi kuishi, na ajua pia miti ya juu ya chemchemi ambayo babu zake hawakuigusa. Watu wawili hawa hukutana mara chache mno.

Kwa hiyo, kabla ya upandaji ujao, kila tawi lifanye mkutano mmoja mashambani, si ofisini. Wazee waitwe, wanawake kwa wanaume, maana mchota maji ndiye huona kwanza chemchemi ikipungua. Katibu aandike wasemayo, na Bwana Shamba asikilize kwanza kabla ya kugawa miche.