Kukaa Peke Yako Chumbani

Sisi wanafunzi wa kutwa ambao makwetu ni mbali tumepanga vyumba karibu na shule, na kila mmoja hupika, husoma na kulala peke yake. Watu wakituonya hututajia wezi, na ni kweli yafaa mlango uwe na komeo. Lakini napenda kueleza habari za adui mwingine, ambaye mlango uliofungwa humsaidia.

Adui huyo ni hewa ya kaboni monoksaidi itokayo katika jiko la mkaa. Haina rangi wala harufu. Hapa Njombe, baridi ya Juni na Julai ikizidi, watu hungoja mkaa ushike, na moshi ukiisha huliingiza jiko ndani wakidhani hatari imekwisha. Sivyo. Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa hewa hiyo kwa wingi.

Tumejifunza katika Biolojia kwamba chembe nyekundu za damu huchukua oksijeni. Kaboni monoksaidi hushikamana na chembe hizo kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi mwili hukosa oksijeni ingawa mtu anapumua. Kwanza kichwa humwuma, kisha huona kizunguzungu na kichefuchefu, halafu hulegea. Ubaya wake ni kuwa akili nayo hulegea. Mtu hudhani ni usingizi tu, na akija kutambua, miguu haimfikishi mlangoni.

Hapo ndipo upweke unapoua. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakichukua ndege wadogo migodini hadi mwaka 1986, kwa sababu ndege hulegezwa na hewa hiyo kabla ya mtu. Sisi hatuna ndege, lakini tuna majirani.

Kwa hiyo tushike mambo haya:

1. Jiko lipikiwe nje na lilale nje, hata likionekana limezimika.

2. Patana na jirani mjuliane hali kila asubuhi. Asiyeonekana agongewe mlango.

3. Ufunguo wa pili akae nao mtu mzima aliyechaguliwa na mzazi wako.

4. Mzazi awe na namba ya simu ya mwenye nyumba na ya mwalimu wa darasa.

Ukimkuta mwenzio amelegea, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi, wala usikawie ndani. Ita watu, Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu, maana huko atapewa oksijeni.

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Wazazi wetu wanatupenda, lakini usiku wako mbali. Aliye karibu ni jirani. Basi tusione haya kumbishia hodi, wala tusichukie akitubishia sisi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu