Shinikizo la Damu Halibishi Hodi



Habari hizi si ngeni katika parokia zetu. Baba wa miaka arobaini na kitu jana alikuwa kazini. Leo ameanguka, mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki. Kabla hajafikishwa hospitali, ndugu wameanza kuulizana nani kamroga. Jirani anatazamwa kwa jicho baya, na fedha za matibabu zinaishia kwa mganga.

Huo ni ugonjwa wa kiharusi. Mara nyingi chanzo chake ni shinikizo la damu lililokaa mwilini miaka mingi bila kuuma. Kisukari nacho huharibu mishipa kimya kimya. Urithi wa ukoo unachangia, lakini sehemu kubwa tunaipika wenyewe. Mwezi huu tuangalie sahani ya mtu mzima anayefanya kazi.

CHUMVI
Chumvi huzuia maji mwilini. Maji yakizidi katika damu, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu na mishipa huumia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Humo imo chumvi ya mboga, ya chipsi, ya samaki wa kukaushwa, na ile tunayonyunyiza mezani kabla hata ya kuonja.

SUKARI NA KITAMBI
Wengi wetu huanza siku kwa chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi. Mchana ni wali na soda. Usiku ndipo tunakula sana, kisha tunalala. Soda moja ya mililita 300 huweza kuwa na gramu 30 za sukari, karibu vijiko saba vya chai!

Chakula kinachozidi mahitaji ya mwili hugeuka mafuta na kujazana tumboni. Mafuta hayo huifanya insulini, inayotoka katika kongosho, isifanye kazi yake sawasawa, na sukari hubaki katika damu. Kwa hiyo kitambi si cheo wala dalili ya neema.

Jipime nyumbani. Chukua uzi wenye urefu wako kutoka kisigino hadi utosi, ukunje katikati, uuzungushe tumboni juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, punguza unene.

TUFANYE NINI?
1. Tuondoe kikopo cha chumvi mezani. Ndimu, kitunguu na tangawizi huleta ladha.
2. Tupunguze sukari ya chai kidogo kidogo, na maji yachukue nafasi ya soda.
3. Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha au matembele. Robo iwe ugali wa dona, ambao bado una pumba zake. Robo iwe maharage, dagaa wasio na chumvi nyingi au samaki.
4. Tule mapema jioni, tena kiasi. Tutembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma.
5. Tupime shinikizo la damu na sukari hata kama hatuumwi. Vipimo vikirudia kuonyesha 140/90 au zaidi, tumwone daktari. Aliyepewa dawa asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Na mtu akipinda mdomo, akilegea upande mmoja au akishindwa kusema ghafla, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Tumwombee tukiwa njiani. Kumtafuta mchawi ni kupoteza muda ambao ungeokoa ubongo wake.

Mwili ni amana tuliyopewa na Mungu, na watoto wetu wanautegemea.

MASWALI YA JUMUIYA
1. Katika sherehe zetu za ubatizo na ndoa, tunawapa wageni vinywaji gani? Tunaweza kubadili nini?
2. Nani katika jumuiya yetu hajapima shinikizo la damu mwaka huu? Tutamsindikiza lini?