Elimu ya Dawa za Kulevya Tunduma: Gari la Matangazo Halitoshi

Wanachuo wenzangu, kila tarehe 26 Juni dunia huadhimisha siku ya kupiga vita matumizi na biashara ya dawa za kulevya. Mwenge wa Uhuru nao, kila unapopita, hubeba ujumbe huo pamoja na ule wa UKIMWI, malaria na rushwa. Gari la matangazo linazunguka, mgeni rasmi anahutubia, ngoma zinapigwa, watu wanarudi makwao. Swali langu ni dogo tu: tarehe 27 Juni nani anabaki na kazi? Nitalijibu kwa kuiangalia Tunduma, mji niliokulia, kwa sababu pale swali hili si la kwenye karatasi.

Kwa nini Tunduma

Mkoa wa Songwe ulianzishwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Makao makuu yako Vwawa, lakini mji wenye pilikapilika kuliko yote ni Tunduma. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zote zinapita hapo, na ukivuka mpaka tu uko Nakonde. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wasiofika 100,000 mjini. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 200,000. Wengi ni watu waliofuata riziki: kubadilisha fedha, kubeba mizigo, bodaboda, mama lishe, maduka ya jumla.

Sasa fikiria kijana wa miaka 16 mahali kama hapo. Ana hela ya kibarua mfukoni. Mzazi yuko kwenye biashara mpaka usiku. Malori yanalala barabarani na mji haulali. Hatua chache mbele ni nchi nyingine yenye sheria zake. Serikali yetu ilipiga marufuku viroba kuanzia 1 Machi 2017, lakini tangazo la upande mmoja haliwezi kufunga duka la upande wa pili. Ndiyo maana tukitaja dawa za kulevya tusiwaze unga peke yake. Bangi, gundi, pombe kali na vidonge vya maumivu vinavyomezwa bila cheti vya daktari vyote vinaanzia kwenye mlango uleule: muda mtupu, hela kidogo, na rafiki anayesema "jaribu tu, mwana".

Jukumu ni la nani

Sheria ya 2015 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, iliyoanza kazi 2017. Hii ni mamlaka ya taifa zima. Inaweza kukamata shehena, kuteketeza mashamba na kuandaa miongozo. Haiwezi kujua kwamba wiki hii mtoto fulani wa kidato cha pili ameacha kuja shule. Anayejua ni mwenyekiti wa mtaa, mjumbe, mwalimu wa zamu, na mama anayeuza vitumbua pale getini.

Hapo ndipo serikali za mitaa zinapoingia. Halmashauri zetu zinaendeshwa kwa Sheria Na. 7 na Na. 8 za 1982, ya kwanza kwa wilaya na ya pili kwa miji. Halmashauri moja ina watu wa elimu, afya, ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii. Kwa maneno mengine, vifaa vyote vya kinga viko chini ya paa moja. Shida ni pale kila idara inapobaki na ripoti yake, na suala la dawa za kulevya kuachiwa polisi.

Utafiti unasema nini

Marekani walianzisha programu ya DARE mjini Los Angeles mwaka 1983: askari aliyevaa sare anaingia darasani kufundisha watoto kukataa dawa. Ilipendwa sana na wazazi na ikaenea nchi nzima. Tathmini zilizofuata zikaonyesha kwamba waliopitia programu hiyo ya awali hawakutofautiana sana na wasioipitia. Viwango vya kimataifa vya kinga, vilivyotolewa na Umoja wa Mataifa 2013 na kuboreshwa 2018 kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, vinasema vivyo hivyo: kutisha watu, kutoa taarifa tupu, au kumleta mtu aliyewahi kutumia ili asimulie, peke yake havizuii. Kinachosaidia ni stadi za maisha zinazofundishwa hatua kwa hatua, malezi ya wazazi, na shule ambayo mwanafunzi anajiona ni ya kwake.

Mfano mzuri ni Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa pombe ndani ya siku 30 zilizopita. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5. Kule manispaa zilishika usukani: vijana waliulizwa kwa dodoso mara kwa mara, matokeo yakarudishwa kwenye mtaa na shule husika, pesa zikawekwa kwenye michezo na sanaa, na wazazi wakakubaliana juu ya saa za watoto kuwa nyumbani. Iceland ni nchi tajiri na Tunduma haina bajeti hiyo. Lakini kuuliza, kurudisha majibu mtaani na kukubaliana saa ya kurudi nyumbani si mambo ya utajiri.

Halmashauri inaweza kufanya nini

Kwanza, shuleni. Mwalimu wa ushauri na unasihi apewe vipindi kwenye ratiba. Siku hizi anashika kazi hiyo juu ya mzigo kamili wa vipindi, basi atamsikiliza nani na saa ngapi?

Pili, mtaani. Ajenda ya vijana isikosekane kwenye mkutano wa mtaa na kamati ya maendeleo ya kata. Nani ameacha shule? Uwanja wa mpira uko wapi, au umeshauzwa?

Tatu, kazi. Kisheria halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Kijana anayetoka kwenye uraibu asipopata pa kushika, atarudi kijiweni.

Nne, tiba. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili 2011, na Mbeya ikapata kliniki 2017. Dawa hii kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo nauli ni sehemu ya matibabu. Halmashauri iijue hesabu hiyo.

Jambo gumu limebaki. Mwanafunzi akikufuata na kusema, "Mwalimu, mimi navuta," utafanyaje? Ukimpeleka polisi au ukamfukuzisha shule, hakuna mwingine atakayekuja kusema. Ukinyamaza, umemwacha aendelee. Mwalimu hawezi kulibeba hili peke yake. Anahitaji utaratibu ulioandikwa, wenye jina la afisa ustawi wa jamii na namba yake ya simu. Sisi wa elimu tutaenda fildi, wengine huko huko Songwe. Siku ya kuripoti shuleni, uliza kama utaratibu huo upo. Kama haupo, mwombe mkuu wa shule mkae na mtendaji wa kata muuandike kabla hujamaliza fildi.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi:

1. Je, saa za kurudi nyumbani zinawezekana kwa mtoto anayesaidia biashara ya mzazi usiku?
2. Halmashauri ya Mji wa Tunduma na wenzao wa Nakonde wanaweza kukubaliana nini kuhusu kuuzia watoto pombe?
3. Mwalimu atunze siri ya mwanafunzi mpaka wapi?