SOMO: DAWA BILA KUUA MTI

Wengi wetu tumeona muiri ukibanduliwa gome ili liuzwe kama dawa. Gome likitolewa kuzunguka shina lote, mti unakauka. Mauzo ni mara moja tu, basi.

Marekani nao walipata shida hiyo. Dawa ya saratani iitwayo paclitaxel ilitoka kwenye gome la mti unaokua polepole sana. Ikabidi watafute njia nyingine.

Njia yenyewe ni hii. Kipande kidogo cha mmea husafishwa, kikawekwa kwenye chakula chenye sukari na madini. Chembe zake huzaana bila kutoa mizizi wala majani. Kisha huhamishiwa kwenye tangi, hulishwa na kupewa hewa, mwishowe dawa hutolewa humo. Si kama migomba ya maabara tunayoijua, maana hapa hakuna mche.

Wajapani walianza kuuza shikonini ya tangini mwaka 1983. Mzizi wake shambani huchukua miaka. Tangini ni wiki chache.

Tusijaribu nyumbani! Ukungu kidogo tu unaharibu tangi zima. Sisi hatuna tangi, lakini kitalu tunaweza. Mbegu za muiri tuzipande zikiwa mbichi, kwani zikikaa hazioti.

Tujadiliane:
1. Ni miti gani ya dawa inayopungua kwetu?
2. Tukiuza gome leo, watoto wetu watajitibu na nini?
3. Nani ataangalia kitalu chetu?